Banda la Ndege Alilolinda Baba

Enzi zetu, wenzangu mliozaliwa Njombe wakati baridi ilikuwa baridi kweli, si hii ya sasa inayofunga kazi saa tatu asubuhi kama karani mvivu, mtoto alijulikana kwa kazi ya baba yake. Rafiki yangu Eliza alikuwa mtoto wa fundi mbao. Mimi, Sara, nilikuwa mtoto wa mchunga kuku. Na baba yangu Yeremia hakuchunga kuku hata siku moja.

Kosa lilikuwa la Kiswahili. Kijijini kwetu, kando ya mto Hagafilo, tulisema Kibena. Kiswahili kilikuwa cha shule na sokoni, tulikivaa kama koti la kuazima. Baba aliporudi kutoka vita ya pili ya wazungu, mimi sijazaliwa bado, aliulizwa kanisani alifanya kazi gani huko pwani. Akajibu kwa Kiswahili chake cha jeshini, kifua mbele, "Nililinda banda la ndege."

Kisha sauti ikatoka nyuma, "Wanataga?"

Hapo angekaa chini yakaisha. Lakini baba akaeleza kwamba ndege zile zinaogelea. "Aaa, kumbe bata!" wakasema, na ibada ikaharibika. Yeye alisema "ndege zile", za injini, hakusema "ndege wale", wa manyoya, ila kwetu wakati huo nani alijali?

Sisi watoto wake tuliijua habari yote, maana jioni alitusimulia jikoni tukichoma viazi kwenye majivu. Banda lilikuwa la nguzo za chuma na mabati, refu kupita miti ya milingoti. Sakafu yake ya saruji iliteremka taratibu mpaka ikaingia baharini. Ndege ilikuwa na tumbo kama mtumbwi, ikitua juu ya maji inanyunyiza watu wote. Baba na wenzake waliingia majini mpaka kifuani, wakaifunga magurudumu huku inaelea, wakaigeuza mkia uelekee nchi kavu, kisha wakaivuta kwa kamba mpaka ndani. Mlango peke yake ulisukumwa na wanaume ishirini! Alfajiri ndege hizo zilitoka kutafuta manowari za adui zinazopita chini ya maji.

Basi tukawa ndege. Tuliteleza kilimani juu ya maganda ya miti ya miwati, mikono tumeitanua, mpaka bondeni kwenye matope, na nguo ya shule ilikuwa hiyo hiyo moja. Tulicheka mpaka tumbo likauma. Lakini Eliza kila akiniona alikunja mikono kama mbawa: "Ko-ko-ko! Sara, leo mayai mangapi?" Siku moja nikamng'ata bega. Mama alinichapa, akasema, "Meno ni ya kulia ugali, mwanangu. Baba yako atajitetea mwenyewe."

Na kweli ilibidi ajitetee. Mwaka tuliojenga kanisa jipya, jina la baba lilitajwa awe mzee wa kanisa. Baba alilitamani jambo hilo, nilimwona akilipiga pasi shati lake la pekee mara mbili kwa wiki. Baba yake Eliza, Mzee Zakayo, akasimama mbele za watu. "Mzee wa kanisa neno lake liwe kweli. Huyu anatuambia habari za ndege wanaofungwa magurudumu. Jumapili ijayo tumchague mwingine." Baba alirudi nyumbani, akala, akaenda kulala. Hakutusimulia kitu jioni ile.

Katikati ya wiki likaja gogo. Gogo la kupasulia mhimili wa paa la kanisa, limekatwa juu huko likaletwa na mto, likasimama kwenye kidimbwi chetu pale mtoni. Mzee Zakayo na watu wake walivuta tangu asubuhi. Gogo linakuja hatua moja, linachimba tope, linagoma. Kamba ikakatika, wanaume wakaanguka chali, sisi watoto tukashangilia kama sikukuu.

Baba akavua shati, akalikunja vizuri, akanipa. "Leteni mkokoteni," akasema. "Uingie majini, chini ya gogo. Tulifunge likiwa bado linaelea."

Akaingia nao. Maji ya Hagafilo mwezi wa sita, jamani! Nilimwona akibadilika rangi. Akafunga kamba huku na huku, akaligeuza gogo, kisha akapiga kelele ya kijeshi: "Mkia kwanza!"

"Gogo lina mkia, Yeremia?" akauliza Mzee Zakayo.

"Upande mwembamba ndio mkia."

"Na mdomo uko wapi?"

"Mdomo ni huo wako. Ufunge, uvute!"

Walivuta Petro mrefu, na pacha wake Paulo mfupi, na Danieli wa bondeni, na Mama Tabita aliyewashinda wote nguvu, na mwisho wa kamba Mzee Zakayo mwenyewe. Baba akawaimbia wimbo wa kuvutia ndege, maneno ya pwani hatuyajui, tukaitikia hivyo hivyo. Gogo likatoka majini juu ya magurudumu, linachuruzika maji, likapanda mteremko kama bwana harusi.

Mzee Zakayo akalizunguka, akainama, akayatazama magurudumu. Akasema polepole, "Yeremia. Hili si jambo la kuku."

Wakamfunika baba blanketi, wakampa uji wa ulezi, na huku meno yake yanagongana wakamwambia asimulie upya. Kwa mara ya kwanza walisikiliza mpaka mwisho, na mwisho ule hata mimi sikuwahi kuusikia. Asubuhi moja ndege moja haikurudi. Mlango wa banda waliuacha wazi siku tatu. Baada ya vita banda likawa ghala la mkonge, kisha wakang'oa mabati. Mama Tabita alilia. Jumapili baba alichaguliwa, na Mzee Zakayo ndiye aliyeinua mkono wa kwanza.

Siku hizi naishi Makambako na wajukuu. Ukiwaambia jambo wanauliza simu kwanza, simu ikikataa, bibi kadanganya. Juzi mmoja wao, Neema, kanionesha picha humo: banda, mteremko wa saruji, ndege yenye tumbo la mtumbwi. "Bibi, kumbe kweli!" Nilicheka mpaka nikakohoa. Baba aliaminiwa baada ya kulowa mpaka shingoni, akikohoa wiki nzima. Neema kaamini kwa kidole kimoja, amelala kitandani, na kabla sijafika kwenye ile ndege isiyorudi ameshahamia picha nyingine.

Ninyi wenzangu mnaoamini bila picha, tumebaki wachache. Asiyeamini aende Hagafilo mwezi wa sita, avue shati, aingie.