Silinda ya Nne

Fundi mmoja wa karakana ya reli, jirani yetu pale Kilosa, alinawa mikono kabla ya kazi, si baada yake. Gari lake lilikuwa jekundu, la Kitaliano, la viti viwili; aliuziwa na meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Chini alilifungia bati nene la behewa, maana barabara ya Mikumi haihurumii gari la chini. Gasketi za pampu alizikata kwa wembe kutoka maboksi ya sabuni. Kila Jumapili, nami nikitazama, aliwasha injini, akaigusisha ncha ya bisibisi, akaweka mpini sikioni na kufumba macho.

Jumapili moja balozi wetu wa nyumba kumi alikuja amekunja uso. “Ndugu, sisi tunalima shamba la pamoja, wewe una gari la watu wawili. Mkutano ukiniuliza nijibu nini?”

 Fundi alimpa bisibisi. “Sikiliza kwanza, ndugu balozi. Ziko silinda sita.”

Balozi aliinama, akazipitia moja moja, taratibu, kama anayeita majina shambani. “Hii ya nne inategea,” akasema.

Fundi akasikiliza mwenyewe, kwa muda mrefu. Akazima injini, akafungua plagi ya nne. Ilikuwa nyeusi tii kwa masizi.

Jumapili iliyofuata balozi alifika kabla yangu. Alikuwa ameshanawa mikono.