Kola ya Fundi

"Mama, usinifundishe kushona!"

"Sikufundishi kushona, nakufundisha kufumua! Mvue mtoto hiyo kola, akatolewe damu."

Huyo ninayegombana naye ni mkwe wangu, mke wa mwanangu, fundi cherehani. Mletee mbu, atampimia suruali na mifuko atatia. Lakini tangu mjukuu wangu apatwe na mbalanga, yale mabaka meupe, kwanza vidoleni kisha shingoni, fundi akawa hashoni kitu ila maficho. Mikono mirefu, kola ya kugusa masikio, na jua la kufanya mbuzi waombe mwavuli! Wateja wakiuliza, anasema ni mtindo mpya. Wakaagiza! Nusu ya mtaa ikatembea kama kobe.

Mtoto mwenyewe akawa kobe kweli. Usingizi mchana, baridi anaisikia peke yake, darasani hesabu zinampita. Kola ikimbana, mama yake anaipanua. "Ananenepa," anasema.

Jana daktari wa ngozi akaifungua ile kola, akapapasa. Akatuambia mbalanga haiambukizi wala si laana. Askari wa mwili wamepotewa na akili, wanaishambulia rangi ya ngozi yao wenyewe. Kwa watoto wengine, si wote, askari haohao huivamia na tezi ya shingoni. Hapo mtoto hupoa, huwa mzito, na shingo huvimba. Damu ndiyo itakayosema, na ikiwa ni tezi, vidonge vipo.

"Shingo imeanza kuvimba lini?" akauliza.

Fundi akainamia futi yake ya kupimia.

Na leo hataki kwenda.

"Pale maabara wamejaa wateja wangu, mama."

"Wakiyaona mabaka, watakufa?"

"Si mabaka! Shingo ile nimeipima mimi. Kila mara naongeza kitambaa, naongeza tena. Fundi gani haoni kipimo kimebadilika? Niliona, mama. Nikaona heri kola kuliko maneno ya watu."

Mimi, mwenye uongo wa kujaza gunia na mwingine wa kufungia mdomo wake, nikaanza kumtafutia kipande. Nikaokota nyuzi sakafuni, hazina kazi.

"Basi mwanangu, tuseme kwamba..."

Mlango ukasukumwa. Mjukuu wangu akaingia na fulana, shingo wazi na mabaka yake yote na uvimbe wake, kola aliyoifumua mwenyewe mkononi.

"Nani ananipeleka?"