Watu wa Mwezini na Mtoto wa Siku Mbili

Mama yangu alikataa kuzikwa karibu na baba. Alisema hivyo akili yake ikiwa sawa, ameketi kwa mkeka mbele ya nyumba yake huko Kosele, miguu imefura. Daktari wa Homa Bay alikuwa ametuambia sisi watoto kwamba moyo wake umechoka.

"Nikienda, mnitafutie mahali ingine," alisema. "Mimi silali kando ya yule mtu."

Kwetu hayo si maneno madogo. Mke huzikwa ndani ya boma ya bwana yake, upande wa kushoto wa nyumba. Akiwekwa nje ni kama hakuwahi kuolewa, na watoto wake wanabaki wakiangaliwa vibaya. Ndugu yangu, mwenye alibaki na hiyo boma, hata kula ilimshinda. Alinituma mimi nimwongeleshe mama, kwa sababu mimi ndiye msichana wa kwanza na tena ni mtu wa kanisa. Nikatoka kwangu Rodi Kopany, mahali nimeolewa, nikaenda na Biblia, nikasoma pale pa kusamehe. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Umemaliza? Kuku hawajapewa maji."

Kosa la baba lilikuwa moja na sisi wote tulilijua. Lilianza ile jioni watu walikuwa mwezini.

Wakati huo nilikuwa mkubwa wa kutosha kubeba debe ya maji kichwani. Baba alikuwa amefanya kazi kwa mgodi wa dhahabu upande wa Migori, na mgodi ulipofungwa alirudi nyumbani na vitu viwili, redio na kikohozi. Redio ilikuwa ya kwanza kwa hiyo kijiji yetu. Alikuwa anaifunika na kitambaa kama mtoto amelala.

Hiyo siku redio ilisema tangu asubuhi ati Wazungu wawili wameshuka mwezini na wametembea huko. Baba alijua Kiswahili cha mgodini, kwa hivyo yeye ndiye alikuwa anageuza maneno kwa Kijaluo. Jua lilipoingia, boma yetu ilikuwa imejaa. Mwezi ulikuwa pale upande wa ziwa, nusu tu. Watu wote wameinua shingo.

"Hiyo nusu ingine iko wapi?" jirani mmoja aliuliza.

"Wameikalia," mwingine akamjibu.

"Na wakiteleza?"

"Wataanguka kwa shamba yako, uwatoze faini."

Walicheka mpaka mzee mmoja akaketi chini. Wengine walikuwa wanapunga mikono. Bibi kizee mmoja alipiga kelele akiuliza hao watu wamekula nini leo. Sijawahi kuona watu wamefurahi hivyo kwa boma yetu, hata kwa harusi.

Mama hakuwa nje. Alikuwa amezaa kijana, na kijana alikuwa na siku mbili tu. Kwa mila yetu mtoto wa kiume anakaa ndani siku nne na mama yake, halafu ndiyo anatolewa nje asubuhi, aonyeshwe jua na watu. Kabla ya hapo jicho la mtu hamjui halifai kumfikia, litamletea ugonjwa. Mama alikuwa amesimama ndani ya mlango akisikia vicheko.

Baba akaingia. Nilikuwa nimeshika taa, niliona yote. Akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mama.

"Siku zake hazijaisha," mama alisema.

"Huyu atakuja kusema alikuwako," baba akasema, na huyo akatoka.

Alisimama katikati ya boma, akamwinua mtoto juu kabisa, ameangalia mwezi. Akasema kwa sauti, "Mwoneni! Na huyu pia yuko!" Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa amenyoosha mikono pale mlangoni, lakini yeye pia siku zake za kutoka hazikuwa zimefika, na hakuvuka.

Mtoto alianza kukohoa kabla hajajua kucheka. Alikufa mahindi ikiwa imekauka shambani. Mama hakulia sana mbele ya watu. Alimwambia baba, "Ulimwonyesha kwa watu hatujui." Kutoka hapo alimpikia, alimfulia, akazaa tena naye, na baba alipokufa alikaa matanga kama inavyotakiwa. Lakini usiku mwezi ukiwa nusu, alikuwa anafunga mlango mapema.

Sasa miaka ya tisini, watoto wangu wakiwa wamekua kidogo, niliingia darasa ya ngumbaru, ile ya watu wazima, hapo shule ya msingi Rodi. Sikuwa nimesoma nikiwa mdogo, na hapo ndipo nilijua kusoma Biblia. Tulikuwa tunaingia jioni baada ya watoto kutoka, magoti yetu yakigonga yale madawati madogo. Mwaka ule mama alikataa kuzikwa na baba, redio ilikuwa inasema imefika miaka ishirini na tano tangu watu wafike mwezini. Mwalimu wetu akapata kanda ya vidio ya hiyo safari. Akaongea na mwenye ile nyumba ya mabati pale sokoni, mwenye jenereta na televisheni, atuonyeshe Jumamosi mchana.

Hiyo nyumba ilikuwa ya sinema za kareti. Sisi wamama wa kanisa hatukuwa tunapita hata karibu na mlango wake. Mwenzangu mmoja wa maombi aliposikia alinisimamisha njiani. "Ati unaenda vidio? Basi Jumapili utufundishe kurusha teke."

Nilimwambia naenda, na Jumapili nitakuja kanisani vilevile.

Nilikuwa nimepanga hivi: mama akiona kwa macho yake kwamba watu walifika kweli, atajua baba hakumtoa mtoto kwa sababu ya uongo wa redio. Nikaomba juu ya hiyo kitu wiki nzima. Nilifikiri mama atakataa. Alikubali mara moja.

"Nataka kuona hao watu wenye walimwona mtoto wangu," alisema.

Ndugu yangu alimleta kwa pickup ya mtu wa mahindi. Kwangu hakuingia, kwa sababu kwa mila yetu mama wa msichana hawezi kulala wala kuzoea boma ya mkwe wake. Tulimshukisha sokoni na ilikuwa lazima arudi Kosele siku hiyo hiyo. Tukamkalisha mbele kwa benchi, wanafunzi wa ngumbaru nyuma yetu, na jenereta inanguruma huko nje.

Picha ilikuwa mbaya, imejaa kama mvua. Mtu mmoja akashuka kwa ngazi polepole. Nyuma yangu mtu akasema, "Huyu anashuka kama bibi yangu akitoka kwa ghala." Watu wakacheka. Mama alikuwa ameinama mbele.

"Macho yao iko wapi?" aliniuliza.

Nikaangalia. Kweli hawakuwa na macho. Walikuwa wamevaa kofia kubwa kama chungu, na mbele ni kioo kinang'aa tu.

Halafu ikaja picha ya kitu cha mviringo, cha buluu na nyeupe, kimening'inia kwa giza. Mwalimu akasema hiyo ndiyo dunia yetu, vile inaonekana ukiwa huko.

"Simamisha," mama akasema.

Mwenye vidio aliangalia mwalimu, mwalimu akakubali kwa kichwa, picha ikasimama ikitetemeka.

"Kosele iko wapi hapo?"

Watu wakaanza kucheka tena. Mama hakugeuka.

"Mama, hiyo ni dunia yote," mwalimu akasema kwa heshima. "Kosele haiwezi kuonekana."

"Na ziwa?"

"Hata ziwa."

"Mtu akiwa ameinuliwa juu, jioni?"

Mwalimu hakujua anaulizwa nini. Mimi ndiye nilijibu. "Hapana, Mama. Hawangeona mtu."

Mama akasema wanaweza kuendelea na sinema yao.

Tulitoka kabla haijaisha. Tukamkalisha kwa gunia kando ya barabara kungojea ile pickup, ndugu yangu akaenda kumtafutia soda. Mama alikuwa anaangalia mikono yake.

"Basi hawakumwona," alisema.

"Hawakumwona."

"Na baba yako hakujua hawaoni."

"Hakujua. Alifikiri wanaangalia huku, vile sisi tulikuwa tunaangalia huko."

"Nilifikiri alimtoa mtoto wangu kwa macho ya hao watu. Kumbe alikuwa amemwonyesha hewa." Halafu akageuka, akaniangalia vile alikuwa ananiangalia nikiwa mdogo nimevunja kitu. "Sasa ni nini ilimchukua?"

Mimi huwa sikosi neno. Kwa matanga ya watu nikiulizwa hivyo nasema Mungu anajua, na ninaamini. Lakini pale ngumbaru tulikuwa tumefundishwa pia juu ya kifua kikuu, vile kikohozi cha mtu mzima kinaingia kwa mtoto anayelala naye nyumba moja. Siku hiyo ya somo nilirudi nyumbani nikashindwa kupika. Sasa mama alikuwa ananiuliza, na kumdanganya sikuweza. Na nikisema, nimemfungia baba mlango kabisa, mimi mwenyewe, na mikono yangu.

"Baba alikuwa anakohoa, Mama," nikasema.

Alivuta leso yake kwa mabega.

"Unafikiri mimi sikusikia?" aliniuliza. "Nililala na hiyo kikohozi mpaka akakufa. Aliitoa kwa mgodi akitutafutia chakula. Hakuiomba."

Ndugu yangu alirudi na soda. Mama aliishika tu, hakukunywa.

"Lakini mtoto alikuwa mikononi mwangu," akasema. "Nilimwambia siku hazijaisha. Akamchukua kama ametoa kitu kwa kiti. Miaka yote nilikuwa napigana na mambo ya mwezi, na hiyo sijawahi kumwuliza."

Pickup ikafika. Tulimwinua pande mbili, miguu yake ilikuwa mizito. Alipokaa vizuri kando ya dereva alimwita ndugu yangu kwa dirisha.

"Mnilaze karibu na baba yenu," alimwambia. "Karibu kabisa. Nikimwuliza, sitaki kupiga kelele majirani wasikie."

Ndugu yangu akashika uso wake akalia hapo barabarani, mwanaume mzima. Kanisani kwetu tunafundishwa kwamba wafu wamelala, na hakuna mwenye atamwuliza mwenzake neno mpaka parapanda ilie. Nilitaka kumwambia mama hivyo. Nilifunga mlango wa gari, nikaangalia kama leso yake imeingia ndani vizuri.

Tulimzika kabla ya mvua ya mwisho wa mwaka, upande wa kushoto, kama inavyotakiwa. Wenye walichimba kaburi waliuliza tuache nafasi gani katikati. Ndugu yangu aliniangalia. Nikawaambia waache kidogo tu.