Neno Lenye Mkia

Msusi alikuwa mtu wa maneno, na wateja wake walisema siku akinyamaza ujue anaumwa. Ndipo akaletewa dada yake asiyeweza kumjibu.

Dada alikuwa amefanya kazi za ndani ng'ambo, kwa Wahispania, miaka thelathini na mmoja. Kiharusi kilimpata hukohuko. Alirudi akielewa kila anachoambiwa, ila ulimi wake ulitoa Kihispania kitupu. Kaka yao akatoa mwezi mmoja: wasipoelewana, Dada anapelekwa kwenye makao ya wagonjwa. Msusi aliogopa, hasa kwa kuwa hakuweza kusema kwamba kaka amekosea.

Kila asubuhi Dada aligusa kilemba chake kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akasema, "Péiname."

"Kichwa kinauma?"

Dada akakataa kwa kichwa. Msusi akampa dawa hivyohivyo. Dada akaitema.

Mteja mmoja, mwongoza watalii, akamwazima kamusi ya Kihispania. Péiname haikuwemo. Msusi alipekua kurasa za P zote, na mteja mwingine akisubiri na nusu kichwa. Akaanza kuandika maneno ya Dada nyuma ya daftari la miadi. Dámelo, akionyesha kikombe. Mírame, siku Msusi alipompa mgongo akiwa anaongea. Hili "me" linatafuta nini kila mahali? Akagundua hutokea Dada anapotaka jambo kwa ajili yake mwenyewe.

"Kumbe!" akasema kwa sauti. "Sisi tukisema 'nipe', yule 'ni' tumempakata mbele. Wao wanambeba mgongoni!"

Mteja akadhani anachekwa yeye.

Akaukata mkia, ile "me", ikabaki "peina". Kamusi ikasema: peinar, kuchana nywele.

Msusi akakaa kitako. Mtaa mzima unapita mikononi mwake, na kichwa cha dada yake kimefungwa kilembani karibu mwezi, eti mgonjwa asisumbuliwe! Mganga hajigangi, sawa, lakini dada mtu? Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumamosi, Dada akiwa amekaa chini kati ya magoti ya Msusi, mistari mitatu imeshasukwa, kaka yao akaingia na begi tupu.

"Mwezi umeisha, mdogo wangu. Mfungie nguo zake."

Dada akaishika aproni ya Msusi, akamkazia macho kaka. "Ayúdala."

"Anasemaje?"

Msusi hakulijua neno hilo, ila alisikia kwamba safari hii mkia si "me". Angeweza kutunga lolote, na sikatai kwamba wazo hilo lilimpitia. Akamsukumia kamusi. "Kata mkia, hiyo 'la' ya mwisho, utafute mwenyewe. Mimi nina kazi mkononi."

Kaka akavaa miwani. Kidole chake kilishuka polepole, na vidole vya Msusi vikasimama.

"Kusaidia," akasoma, akamgeukia Dada. "Nimsaidie nani? Nikusaidie wewe? Si ndilo lililonileta!"

Dada akakataa kwa kichwa. Akaivuta aproni ya Msusi kwa nguvu, mara mbili. "Ayúdala!"

Kaka akawatazama wote wawili. Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Huyu?" akauliza. "Nimsaidie huyu, wewe ubaki hapa?"

Dada akaitikia. Msusi akalia waziwazi, wala hakujificha. Kaka akaliweka begi chini, akakunja mikono ya shati.

"Haya, nishike wapi?"

Msusi akampa chanuo.