Mgeni wa Samaki Malaika

Aliyemtia perege kwenye tangi la samaki malaika la dada yangu ni mimi. Nasema mapema, msije mkaisikia kwa jirani, maana yeye ataitia chumvi.

Dada alipokwenda Hija aliniachia samaki wake wawili na tangi lao la kioo. Sababu ilikuwa moja tu: katika ukoo wetu wote hapa Masoko hakuna mtu asiyetoka nyumbani kama mimi. "Mdogo wangu," aliniambia, "wewe hata bahari huendi kuangalia kama bado ipo. Nitunzie wanangu."

Wanawe wenyewe ni bapa, wana mapezi marefu yanayoning'inia kama ncha za kanga. Walizunguka kimyakimya, wawili tu, nami nikawaonea huruma. Kwetu nyumba isiyopata mgeni huonekana ina ugomvi. Basi binamu yangu wa Tingi, mwenye bwawa la perege, alipokuja kutusalimia nikamwomba aniletee kitoto kimoja. Samaki na samaki watashindwaje kuelewana?

Siku ya kwanza perege alijificha nyuma ya jiwe, ana adabu zake. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu wangu siku ya tatu alichukua nyumba. Malaika mmoja pezi lilikuwa limechanika vipande vipande, mwingine amejibana pembeni, hataki kula. Na dada akapiga simu kutoka Makka.

"Wanangu hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

Nilipokata simu, jirani yangu, mama mmoja anayekaanga samaki barazani kwake, alikuwa dirishani. "Umemdanganya mtu aliyeko Makka?" akaniuliza. "Hata shetani huko anapigwa mawe, sembuse wewe!"

Nikamtoa perege, nikamweka kwenye ndoo amngoje binamu. Kisha nikafanya jambo la ajabu: nikavaa viatu nikatoka. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kihindi anayeuza misumari na rangi, ambaye ana tangi kubwa la samaki dukani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umetoka! Kuna msiba?"

"Bado," nikasema, nikamweleza.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Perege anapigania kiwanja, huyo. Usimweke na mwenye mapezi marefu. Lakini na hao malaika, malaika jina tu! Ukiwapa kisamaki kinachoingia mdomoni wanameza. Tafuta asiyemezeka, asiyeng'ata, na anayependa maji ya uvuguvugu kama wao."

Akanichotea visamaki vitatu vinene kutoka tangi lake, visivyoingia mdomoni mwa malaika, vina sharubu kama kambare ila haviwi vikubwa kama yeye. Kazi yake kutembea chini vikiokota makombo.

"Umeleta wengine tena?" jirani akasema aliponiona na mfuko wa maji. Nikampita nikaingia ndani. Nilivimimina polepole, nikavuta kiti, nikakaa mbele ya kioo mchana kutwa. Malaika mmoja alishuka, akavitazama, akaenda zake. Vyenyewe viliendelea kuchimbachimba mchanga kama havijaona mtu. Jioni yule wa pembeni akatoka, akala. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti, peke yangu, kama mwenye wazimu.

Dada aliporudi, pezi lilikuwa limeota tena, limebaki na kovu dogo la kutafuta kwa tochi. Nyumba imejaa watu wa kumpongeza, yeye ameinama kwenye kioo, nami nimeshika sinia la kahawa. Akatazama sana. Kisha akatabasamu. "Wamenenepa! Na hawa wadogo?"

Nikamweleza yote, perege na uongo wa kwenye simu. Dada akanitazama, akatazama samaki wake, akaanza kucheka.

Jirani akachukua kikombe kwenye sinia langu. "Hajati," akasema, "safari nyingine mwachie mbuzi. Akikosea, angalau tutakula."