Kipanya Kilichokufa Kila Tulipopiga Simu Mbeya

Niliporudi Kyela baada ya kozi ya kompyuta Dar es Salaam, watu wa kwetu Makwale walinihurumia. Mama yangu alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga, na mimi ndiye niliyekuwa sijaolewa, kwa hiyo nilirudi kumuuguza. Jirani mmoja aliniuliza, tena kwa upole, hiyo kompyuta nitaiona wapi huku kwenye mpunga na kokoa. Nilimjibu kwamba itakuja. Nilikuwa na hakika hiyo, sijui niliitoa wapi.

Na kweli ilikuja. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, mwenye duka kubwa la nguo na vifaa vya ujenzi, aliinunua kuukuu kutoka ofisi moja ya Dar iliyokuwa inabadilisha vyombo vyake, akaisafirisha kwa basi ikiwa imeviringishwa kwenye godoro. Baba yake alikuwa mtu wa Kilwa aliyefuata biashara hadi ziwani, enzi zile meli za bandari ya Itungi zinajaza mizigo, lakini yeye alizaliwa hapa hapa na alitania kwa Kinyakyusa kuliko sisi wenyewe. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu anajaribu jambo jipya, na yeye hakutaka kuachwa nyuma. Alinipa kona ya duka, akaweka pazia na meza. Nikawa nachapa mitihani ya shule, kadi za harusi na barua za vyama vya wakulima.

Tulikaa hivyo mpaka mkewe alipokuja nyuma ya pazia.

Nilizoea kumwona akipita dukani asubuhi na kurudi nyumbani. Siku hiyo alivuta kiti akaketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mashine hii inaweza kupeleka barua India ikafika siku hiyo hiyo."

Binti yao mkubwa alikuwa anasomea ufamasia huko India. Mara ya mwisho alipopiga simu alisema anaumwa tumbo sana, kisha laini ikakatika. Baba mtu aliona ni mambo ya kawaida ya wanafunzi. Mama hakuona hivyo. Barua ya posta ilichukua wiki kadhaa kwenda na nyingine kurudi, na namba ya bweni haikupokelewa. Alichokuwa nacho ni anwani ya barua pepe ambayo binti aliwahi kumtajia na yeye akaikariri.

"Inaweza," nilimwambia, "ikipata modemu. Ni kadi ya kuiunganisha na waya wa simu."

"Basi ipate. Na mimi nataka nimwandikie mwenyewe. Yapo maneno ya mtu na mwanawe."

Mumewe hakubisha. Modemu ilipatikana Mbeya, kadi ya kuchomeka ndani ya mashine, ndefu kama kiganja, na kampuni moja ya barua pepe ya huko Mbeya ikatuandikisha. Nilizima umeme, nikafungua kasha, nikapangusa vumbi, nikaikandamiza kadi kwenye nafasi yake. Kompyuta ilipowaka iliitambua. Niliamuru ipige. Tulisikia mlio wa simu, mwenye duka akapiga makofi, nami nikasogeza kipanya ili nibonyeze pale panapotakiwa. Mshale haukusogea.

Nikatingisha kipanya, wapi. Nilipokata simu, mshale ukafufuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikapiga tena, ukafa tena.

"Kadi mbovu hiyo," alisema mwenye duka. "Nitairudisha."

"Usiirudishe kwanza, mzee. Nipe nafasi."

Nilihamishia kadi kwenye nafasi nyingine. Hali ileile. Niliazima kipanya cha ofisi moja ya mradi pale mjini, nacho kikafa vilevile. Ndipo nilipofanya jambo ambalo mwalimu wetu Dar alikuwa akilisisitiza: ukiwa na vitu viwili vinavyosumbua, ondoa kimoja. Nilichomoa kipanya kabisa, nikaendesha mashine kwa kibodi tupu. Modemu ikapiga Mbeya, ikapokelewa, ikakaa hewani bila tatizo lolote. Kwa hiyo kadi ilikuwa nzima. Kipanya kilikuwa kizima. Ila havikuweza kuishi pamoja.

Nakumbuka furaha niliyoipata. Ugomvi ukishaujua ni wa nani na nani, nusu ya kazi imekwisha.

Mwenye duka naye alifurahi, kwa sababu zake. "Si basi tufanye bila hicho kipanya? Wewe kibodi unaiweza."

"Mimi naiweza. Mama haiwezi. Na mama amesema ataandika mwenyewe."

Akaagiza chai iletwe.

Nilimweleza hivi. Kila kifaa kinapotaka kusikilizwa na kompyuta kinabisha hodi kwa njia yake, na njia hizo ni chache. Mashine za siku hizo zilikuwa na milango minne ya vifaa vya namna hii, lakini mlango wa kwanza na wa tatu ilitumia njia moja ya hodi, na wa pili na wa nne ilitumia nyingine. Kipanya chetu kilikuwa mlango wa kwanza. Modemu ilikuwa imetoka kiwandani ikiwa imepangwa wa tatu. Ikianza kupiga simu, inashika njia yote, na kipanya kinabisha hodi bila kusikika.

"Kwa hiyo mmoja ahame," alisema.

"Modemu ndiyo itahama. Iende wa pili."

Kwenye kadi kulikuwa na pini ndogo zilizovikwa vikofia vya plastiki, na pembeni yake maandishi madogo ya kuonyesha vikae wapi. Nilivihamisha kwa kibano cha nyusi nilichoazima kwa fundi wa nywele wa jirani. Lakini mlango wa pili ulikuwa na mwenyewe: tundu tupu la nyuma ya mashine, ambalo hatukulitumia, ila kompyuta ililihesabu kama limekaliwa. Niliingia kwenye mipangilio ya ndani, ile inayotokea kabla mashine haijaamka sawasawa, nikalizima. Kisha nikarudisha kipanya, nikapiga Mbeya. Simu ikalia, na mshale ukawa unatembea skrini nzima jinsi ninavyotaka. Niliuzungusha tu, mviringo juu ya mviringo, bila kazi yoyote.

Yule mama aliitwa. Alikuja amevaa vizuri kama anayekwenda kumtembelea mtu. Nilimwonyesha namna ya kushika kipanya na kubonyeza, kisha nikatoka nje ya pazia. Aliandika kwa kidole kimoja muda mrefu sana. Wateja waliokuja kuchapa niliwaambia wasubiri, na mmoja wao, mzee mkulima kutoka Njisi, alikaa juu ya mfuko wa saruji akaanza kusinzia.

Umeme ukakatika.

Nilisikia kimya, halafu sauti yake: "Maneno yangu yamekwenda wapi?"

Yalikuwa yamepotea yote. Sikumficha. Nilitegemea atalia au atagombeza. Alifunga vizuri mtandio wake akasema, "Nimeyaandika mara moja, nitayaandika tena. Yako kichwani."

Umeme uliporudi, modemu ilikataa kabisa. Kompyuta ilisema mlango wa pili umekaliwa. Nilikagua skrini nzima, mpaka nilipoiona tarehe pembeni: ilikuwa ya miaka mingi nyuma, kabla hata sijaanza shule ya msingi. Hapo nikacheka. Betri ndogo ya ndani, inayoifanya mashine ikumbuke saa na mipangilio yake umeme ukizimwa, ilikuwa imekufa. Mashine ilisahau kila kitu na kulirudisha lile tundu. Nikaingia ndani, nikalizima tena, nikamkaribisha mama kwenye kiti.

Safari hii alipomaliza tuliituma papo hapo.

Jibu lilikuja kesho yake mchana. Nilimwita, nikamfungulia, nikasimama mbali. Alisoma taratibu, midomo ikichezacheza. Binti alikuwa amepasuliwa kidole tumbo. Alikuwa ametoka hospitali, anatembea polepole, na alikuwa akijaribu kupiga simu kila alipopata nguvu lakini hakupata laini.

"Alhamdulillahi," mama alisema. Akasimama, akafungua pazia, akamwambia mumewe mbele ya wateja wote: "Mtoto amepasuliwa. Amepona. Na nilikwambia kwamba anaumwa."

Mwenye duka aliweka chini mita ya kupimia kitambaa. Alikuja nyuma ya pazia, akaniomba nimsogezee skrini, akasoma, akasoma tena. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ndaga fijo, binti," akaniambia, asante sana ya kwetu, na akaenda kusimama mlangoni akiangalia barabara.

Betri niliipata wiki hiyo hiyo kwa fundi saa wa sokoni, pana kama shilingi, na tangu hapo mashine haikusahau tena. Watu wakaanza kuja: wanunuzi wa kokoa waliotaka bei za Dar, walimu wenye ndugu ng'ambo, mchungaji mmoja aliyekuwa na marafiki Ulaya. Mama alibaki na siku yake, Jumatano, na hakuna aliyethubutu kumgusia kile kiti.

Binti alipokuja likizo, mzima na mwenye maneno mengi, mama alimleta dukani. Alimketisha pembeni, akashika kipanya yeye, akaanza kumfundisha.