Ndoana Chini ya Platini

Mjini Rumonge mafundi wa magari hawahesabiki, lakini ukiwa na gari la zamani, lile linalowashwa kwa delko, kikombe kinachogawia plagi moto, na platini zake za kukata umeme, utaelekezwa kwa mtu mmoja tu: Nasiri wa nyuma ya soko. Vijana wenye kompyuta za kupimia injini wanamcheka. Wanamcheka mpaka Pejo ya babu yao izimike njia ya Gatete ikiwa imejaa madumu ya mawese, hapo ndipo wanapomjia wameinamisha vichwa. Nasiri hana maneno mengi. Anafungua kofia ya delko, anaipangusa ndani, anatafuta ufa, anasugua platini zilizoungua, kisha anapima mwanya wake kwa kipande cha boksi la kiberiti. Ndivyo baba yake alivyopima, na magari yaliwaka.

Baba yake, Mzee Hassani, alizama ziwani mwaka 1996, siku za vita, boti la wakimbizi alimopanda lilipokuwa likikimbilia Kigoma. Mwili haukuonekana. Walimswalia bila jeneza, na mama yake Nasiri, Mwanahamisi, akakaa eda hadi mwisho. Miaka ikapita, akaolewa na Nour, fundi wa nyavu, mtu mpole hata kuku hamfukuzi kwa sauti. Leo ndoa hiyo ina miaka ishirini na mbili na watoto wawili.

Hassani hakuacha kitu ila bisibisi zake na alama yake. Kila delko iliyopita mikononi mwake, aliigeuza sahani inayobeba platini, akakwaruza kwa msumari ndoana ndogo na nukta tatu, na pembeni mwezi na mwaka, ili gari likirudi ajue lini aliligusa. Nasiri alirithi na hiyo. Tangu aanze kazi anakwaruza ndoana ya baba, hajawahi hata siku moja kuweka ya kwake.

Basi Jumatatu moja akaja Fabiano, mwalimu wa Nyanza-Lac, katika wale waliorudi kutoka Tanzania, akiendesha Pejo 404 inayokohoa.

"Amahoro, fundi. Hii gari inanichokesha. Inakwenda kidogo, inakata."

Nasiri akafungua. Platini moja ilikuwa na kichuguu, ya pili na shimo, mambo ya kawaida. Akang'oa sahani aisafishe, akaigeuza. Ndoana. Nukta tatu. Pembeni: 3/09.

Aliisoma mara ya pili, na ya tatu. Yeye hajawahi kuligusa gari hili. Na mwaka 2009 baba yake alikuwa amekufa miaka kumi na mitatu! Hata nukta ya tatu ilikuwa imekimbilia pembeni, kama ya mzee mwenyewe.

"Mwalimu," akasema, "hii delko ilitengenezwa wapi?"

"Kule Kigoma. Baba yangu njo alikuwa anaipeleka kwa muzee moja, Murundi. Jina sijui. Iko nini?"

Mtu mwenye akili zake angekaa chini, akanywa maji, akaulizia jina. Lakini nani ana akili zake anapoona baba amefufuka kwenye kipande cha bati? Nasiri alimwacha Fabiano na gari lililofunuliwa, akashika njia, sahani mkononi.

Mama yake alikuwa uani akigeuza ndagala, dagaa wa ziwani, juani. Nasiri hata salamu hakutoa.

"Mama, baba yuko hai!"

Mwanahamisi akaichukua sahani. Miaka mingi alikuwa akiifuta grisi alama ile kwa kanga yake, hakuhitaji kuelezwa. Aliangalia tarehe.  Kisha akafanya jambo ambalo Nasiri hakulifikiria hata kidogo: alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na kanga mbili na msahafu.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kwako. Bwana yangu iko hai, mimi nitalalaje mu nyumba ya bwana mwingine?"

Nour alirudi kutoka msikitini akawakuta mlangoni. Akaelezwa. Alisimama kama aliyemwagiwa maji ya barafu, akamtazama mkewe, akamtazama Nasiri, na yule mtu mpole akauliza neno moja tu: "Leo?"

Nasiri alitamani ardhi ipasuke. Asubuhi alikuwa fundi wa delko, na kabla ya alasiri alikuwa amebomoa nyumba ya mama yake kwa mdomo wake mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku mbili Mwanahamisi alikaa kwa mwanawe, akisali na kupaka hina miguuni. Ndiyo, hina, mwanamke wa miaka sitini na tano! Hilo lilimtisha Nasiri kuliko machozi.

Jumatano Fabiano akapata namba ya yule fundi wa Kigoma. Nasiri akapiga, mama yake kakaa mbele, simu ikiwa imewekwa sauti ya juu wote wasikie.

"Halo? Ni nani?"

"Mimi Nasiri wa Rumonge, mwana wa Hassani wa delko."

Kikasikika kilio cha mtu mzima.

"Nasiri? Ni mimi Leonsi! Nilikuwa naosha vyuma kwa baba yako, wewe ukiwa mutoto. Umenisahau?"

Alikuwa amemsahau kabisa. 

"Na baba?"

"Baba? Muzee alikufa, Nasiri. Mimi nilitangulia kuvuka. Kisha maji yakamuleta huku ku fukwe, njo mimi nilimuzika kwa mikono yangu. Nilituma habari mara tatu. Hazikufika?"

"Na ndoana? Ndoana ya 2009?"

"Ni yangu mimi. Yaani ni ya muzee. Alinifundisha kazi, nitaweka alama ya nani ingine?"

Nasiri aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mtu pekee duniani aliyepaswa kulijua hilo ni yeye, anayekwaruza ndoana hiyo hiyo ya baba kila siku.

Mwanahamisi akaivuta simu. "Leonsi. Ulimufunga sanda?"

"Nilimufunga, mama. Nilitafuta waislamu, wakamuswalia."

"Murakoze, asante, mwana yangu," akasema, akaikata. Alikaa akiitazama miguu yake yenye hina. "Nasiri. Zamani nililia mutu hana kaburi. Nikamaliza. Siku mbili hizi nilikuwa na bwana yangu. Sasa unanirudisha nianze."

 Mlangoni alikuwa amesimama Nour, aliyeleta ungo wa ndagala waliokauka, na yote alikuwa ameyasikia.

"Nour," Mwanahamisi akamwambia bila kuinua kichwa, "rudi nyumbani. Nitakuja. Niache kwanza nimulie bwana yangu."

Nour akauweka ungo chini, akavua kofia yake, akakaa pembeni yake akalia naye.